Nani Mwingine Alijua

Bi Adija Mohamedi alikuwa na kifua cha kutunza siri, na hilo si jambo dogo katika mji wa Dodoma, ambako ukipiga chafya Majengo watu wa Nkuhungu wanakupa pole kabla hujapangusa pua. Kwa miaka kumi na tisa ya uuguzi alijua nani ana kaswende, nani katoa mimba na mume wa nani hazai, na hakuna aliyewahi kusikia neno likimtoka. Serikali ilipopunguza watumishi mwaka tisini na nne, naye akapunguzwa. Wenzake walifungua magenge ya maandazi. Yeye alichukuliwa na Mzee Nikodemo, Mgogo wa Bahi, afisa ustawi mstaafu, ambaye alikuwa ameanzisha kituo cha ushauri nasaha kwa vijana huko Nkuhungu: vyumba viwili, benchi moja, mtungi wa maji, na feni iliyozunguka siku ambayo umeme ulijisikia.

Basi huyo ndiye aliyeropoka. Na afadhali angeropoka kwa umbea, tukajua moja. Aliropoka kwa adabu na kwa moyo mzuri, kama alivyofunzwa na mama yake.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi, mwaka tisini na sita, upepo unamwaga vumbi jekundu hadi ndani ya vikombe. Lulu Harithi aliingia na sare yake ya kidato cha pili, akaketi, akaficha mikono chini ya mapaja ili isionekane inavyotetemeka. Alikuwa na miaka kumi na tano. Mama yake alifariki mwaka uliotangulia. Baba yake, Harithi, aliendesha lori la alizeti kati ya Kondoa na Arusha, na nyumbani alionekana mara mbili kwa mwezi. Hiyo ilikuwa Jumatano yake ya sita pale kituoni, na Jumatano zote tano za nyuma alizungumzia hesabu na walimu.

"Bi Adija," alisema, "nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?"

Hapo lipo jibu. Bi Adija alifundishwa jibu hilo kwenye semina ya wiki mbili, akaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari: *sitamwambia mtu, isipokuwa uhai wako ukiwa hatarini, na hapo nitakuambia wewe kwanza.* Jibu refu kidogo, lakini ndilo. Sasa fikiria mtoto yatima anakutazama, midomo imekauka, ukimkatisha kidogo tu ananyanyuka na kwenda zake. Bi Adija aliliona lile jibu refu litamkimbiza.

"Wallahi, mwanangu, halitoki humu," akasema.

Lulu akasema. Vidonge vya usingizi, vile vidogo vya njano. Alianza na kimoja, siku za msiba, kwa sababu kila akifumba macho alikuwa anamwona mama kwenye jeneza. Kikawa viwili. Sasa vilikuwa kumi na tano kwa siku, na asipovipata ngozi inamtambaa kama ana siafu.

"Unavipata wapi?"

"Vinapatikana, Bi Adija. Siku hizi nini hakipatikani?"

Kweli. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, maduka ya dawa yalichipua kila kona. Ilikuwa zamani mtu kupanga foleni siku nzima kwa vidonge vinne vya malaria.

"Na siku nyingine," Lulu aliongeza, akitazama sakafu, "naona nivimeze vyote, nilale moja kwa moja."

Alipoondoka, Bi Adija alibaki ameketi na kalamu mkononi. Neno lile la mwisho lilikuwa limefungua kufuli. Kwa neno lile sheria na maadili ya kazi vilimruhusu kusema, tena vilimlazimu. Lakini amwambie nani? Mzee Nikodemo alikuwa Bahi kwenye msiba wa kaka yake hadi Jumatatu. Harithi alikuwa barabarani. Alhamisi hakulala, Ijumaa chakula hakikupita. Usiku wa Ijumaa ndipo alipopata la kufanya, akajiona mjanja.

Angemwambia somo yake Lulu.

Kwa watu wa Bi Adija na wa Harithi, wale Waislamu wa mjini ambao mababu zao walishukia hapa na misafara ya biashara wasiondoke tena, binti akivunja ungo anachaguliwa mwanamke wa kumfunda, na huyo ndiye somo yake hadi kaburini. Mambo ya mwari na somo yake hayahojiwi hata na mama mzazi. Mwari akikosa, anaambiwa somo. Akiugua ugonjwa wa aibu, anaambiwa somo. Kwa hiyo Bi Adija alijiambia kwamba kumwambia somo si kuitoa siri. Somo yumo ndani ya siri tangu mwanzo. Ni kama kuihamisha kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule wa gauni lile lile.

Tena somo wa Lulu alikuwa nani? Bi Anifa Jamaldini! Mwanamke wa heshima zake, jirani wa Harithi, ndiye aliyekuwa akimlea yule binti baba akiwa safarini. Na alikuwa na duka la dawa mtaa wa pili kutoka sokoni, Lulu akimsaidia kila akitoka shule. Bi Adija akaunganisha moja na moja akapata mbili: mtoto anaiba vidonge dukani, maskini Anifa wa watu hana habari. Ee Mungu, mtu mzima tena muuguzi, na hesabu hiyo!

Jumamosi asubuhi akaenda. Bi Anifa alikuwa nyuma ya kaunta, kanga ya kiunoni, miwani puani.

"Lulu yupo?" Bi Adija aliuliza kwanza, kwa sauti ndogo.

"Nimemtuma sokoni. Kuna nini, shoga yangu, mbona umepauka hivyo?"

Bi Adija akamwaga yote. Idadi ya vidonge, mitetemeko, na lile neno la kulala moja kwa moja. Bi Anifa alisikiliza bila kupepesa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika pazia la mlango wa stoo, kitambaa cha maua ya bluu, akalivuta likaziba vizuri.

"Angalia rafu zako, Anifa. Na usimkaripie. Na usimkatishe ghafla, nakuomba. Vile vinapunguzwa kidogo kidogo, kwa daktari. Jumatatu Mzee Nikodemo akirudi tutampeleka pamoja."

"Niachie mimi," Bi Anifa alisema. "Mwari ni wangu."

Bi Adija alirudi nyumbani mwepesi, akapika wali, akala sahani mbili.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na wahenga hawakuwa wajinga. Jumatatu Mzee Nikodemo hakurudi, mvua ya ghafla ilikuwa imekata njia ya Bahi. Jumanne akarudi na homa. Jumatano saa nane Lulu hakutokea kituoni. Saa tisa, hakutokea. Saa kumi Bi Adija alijifunga kanga akaenda shuleni, mwalimu wa darasa akamwambia hajamwona binti tangu Ijumaa. "Tumeletewa ujumbe kwamba yuko ndani. Anafundwa."

Alihesabu kwa vidole njiani kama mtoto: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kama amefungiwa bila vidonge tangu Jumamosi, hii ni siku ya tano. Aliwahi kumwona mgonjwa wodini aliyekatishwa vidonge vile ghafla. Siku ya tano alipata degedege, mtu mzima wa kilo themanini, na siku ya sita walimfunika shuka.

Mlango wa nyumba ya Bi Anifa ulifunguliwa kiasi cha uso tu.

"Mwari yuko ndani," alisema Bi Anifa. "Haonwi na mtu. Mila huzijui leo?"

"Nazijua kuliko wewe. Mwari hafundwi bila baba kujulishwa. Umempa nini tangu Jumamosi?"

"Sijampa kitu! Si ulisema ni mwizi wa dawa? Basi amekatishwa, atatapika uchafu wote, atapona."

"Nilikwambia usimkatishe!"

"Uliniambia mengi," Bi Anifa alisema, na sauti yake ikashuka. "Kasome Kurani utulie. Unadhani mimi nilimpa kwa ubaya? Alikuwa anapiga kelele usiku kucha, anamwita mama yake. Nilimpa kimoja alale. Akalala. Nikampa cha pili. Wewe ungefanya nini?"

Kumbe hakuna wizi. Kumbe mkono uliotoa vidonge ndio aliokwenda kuukabidhi mtoto.

"Kumi na tano, Anifa. Kumi na tano kwa siku!"

"Alikuwa anataka. Akipata ananyamaza, anafanya kazi vizuri, hasumbui. Sasa nisikilize, shoga. Wakaguzi wakija wananifungia duka, na duka ndilo linalonilisha. Lakini na wewe huna pa kutokea. Aliyetoa siri ya mtoto wa watu ni nani? Mimi? Ukienda kimya, na mimi nitakaa kimya kwamba uliniletea siri. Ukipiga kelele, Dodoma nzima itajua kituo chenu ni kisima cha umbea. Nani atawaleteeni mtoto tena?"

Ndani, nyuma ya ukuta, kitu kiligonga. Kikagonga tena, haraka haraka, kama kisigino kinachopiga sakafu. Bi Anifa alifunga mlango.

Bi Adija alikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kandambili mkononi, anakimbia katikati ya mtaa saa kumi na moja jioni, watu wakimshangaa. Alimkuta Mzee Nikodemo kituoni, amejifunika koti kwa ile homa yake.

"Mbukwa, mtani," alianza mzee kwa salamu ya kwao, kisha akauona uso wake, akamvutia benchi.

Alimweleza yote bila kujipaka mafuta. Mzee Nikodemo alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani wowote machoni.

"Kusema ulitakiwa useme," alisema. "Mtoto wa miaka kumi na tano akitaja kufa, siri haipo tena, hilo sikulaumu. Lakini ungemwuliza kwanza mwenyewe, Adija. Neno moja tu: nimwambie nani? Hukumwuliza."

"Sikumwuliza."

"Haya, twende. Kulia utalia kesho."

Kituo cha polisi mambo ya watoto alikabidhiwa Sajenti Gladness, mwanamke mnene, mpole, ambaye hakupenda kuharakishwa na mtu. Alitoa fomu ya maelezo. Kuingia nyumba ya mtu bila idhini, alisema, kunataka maelezo ya mtaalamu kwamba uhai uko hatarini. Bi Adija aliandika: jina la mtoto, umri, dawa, idadi, dalili, degedege. Alipofika swali la tano, kalamu ilisimama. *Nani mwingine alijua hali ya mtoto, na alijuaje?*

Sajenti alisoma akiwa amesimama. Alipofika pale penye *degedege* alichukua kofia yake.

"Hili la tano utajaza baadaye," alisema. "Mtoto kwanza."

Bi Anifa aliona gari la polisi akafungua mwenyewe. Lulu alikuwa chumba cha uani, chini kwenye mkeka, povu mdomoni, mwili umekakamaa kama ubao kisha ukaanza kurushwa. Bi Adija alipiga magoti. Alimgeuza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akamfungua vifungo vya shingoni, na muda wote alikuwa akisema, "Nipo, mwanangu, nipo," ingawa alijua hasikii. Walimbeba hadi kwenye gari. Njiani alikakamaa tena mara mbili. Mara ya pili alikaa bila kupumua hadi Sajenti Gladness akaanza kusali kwa sauti.

Hospitalini daktari alimchoma sindano ya dawa ile ile iliyomfikisha pale. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo: kilichokufunga ndicho kinachotumika kukufungua, kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu anayejua anachokifanya. Lulu alilegea, akalala.

Kesho yake saa nne asubuhi Sajenti Gladness alimkuta Bi Adija kwenye benchi la nje ya wodi, hajaoga, hajala. Akaketi kando yake na ile fomu.

"Bi Anifa ametoa maelezo yake," alisema. "Anasema hakujua kabisa kama mtoto anatumia dawa. Anasema alimweka ndani kwa mila, akashtukia anaugua. Analia, mama wa watu. Majirani wote wanamshuhudia kwamba ni mlezi mwema."

"Na Lulu?"

"Amesema 'sijui' kwa kila nililomwuliza. Kama ni hivyo, kosa silioni. Baba yake amepatikana Kolo, lori limemharibikia, ametuma neno kwamba mtoto akitoka hospitali arudi kwa somo yake hadi yeye atakapofika." Alimpa kalamu. "Hapa swali la tano umeacha wazi."

Hapo ndipo penyewe. Bi Adija aliyaona yote mbele yake kama nguo zilizoanikwa kambani. Akiandika *sijui*, maneno ya Bi Anifa yanasimama, na Lulu anarudi kwenye chumba kile cha uani. Akiandika ukweli, kwamba Bi Anifa aliambiwa siku tano kabla, akaambiwa idadi, akaonywa asikatishe ghafla, na kwamba vidonge alivitoa mwenyewe, basi ule uongo unavunjika palepale. Lakini mtu aliyemwambia ana jina. Na jina hilo likishaandikwa kwenye karatasi ya polisi, kazi imekwisha, na ule ulimi uliotunzwa miaka ishirini na moja utakuwa mfano wa kunyooshewa vidole.

Nisikufiche, kwa dakika nzima aliifikiria *sijui*. Neno fupi, herufi tano.

Kisha akanyanyuka na fomu mkononi. "Nisubiri kidogo, Sajenti. Yupo mtu ambaye sijamwuliza."

Lulu alikuwa macho, ametazama dari. Midomo ilikuwa na vidonda pale alipojing'ata. Bi Adija hakukaa kitandani. Alibaki amesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya mwalimu.

"Lulu, nimekuja kukuomba ruhusa," alisema. "Nataka kumwandikia Sajenti kwamba Bi Anifa alijua. Na nitaandika alijuaje. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikuapia, kisha nikakutoa. Nilidhani somo yako ni mtu wa ndani. Sikukuuliza."

Msichana hakugeuza uso. Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akikohoa.

"Ungeniuliza," Lulu alisema, sauti imekwaruza, "ningekwambia mwambie baba. Mwambie mwalimu. Mwambie hata polisi, nilikuwa nimechoka. Mtu niliyekuwa namficha alikuwa mmoja tu. Alisema nikimtaja atanikatia, na nitakufa."

Machozi yalimtoka Bi Adija, akayaacha yatoke.

"Andika," Lulu alisema.

Aliandika akiegemea kikabati cha dawa, mstari kwa mstari, bila kujitetea, jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa. Alipomaliza akataka kwenda mlangoni.

"Soma kwanza, nisikie," Lulu alisema.

Akasoma. "*Bi Anifa Jamaldini alijua. Nilimwambia mimi, Adija Mohamedi, mshauri wa mtoto, bila idhini ya mtoto, siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, dukani kwake. Nilimtajia idadi ya vidonge. Nilimwonya asimkatishe ghafla. Hapakuwa na mtu mwingine. Jana mlangoni kwake aliniambia mwenyewe kwamba vidonge ni yeye aliyempa mtoto.*"

"Si saa tano," Lulu alisema.

"Ee?"

"Ilikuwa saa nne. Redio ilikuwa inasoma habari." Sasa aligeuza uso, akamtazama. "Na mtu mwingine alikuwepo. Hakunituma sokoni. Nilikuwa stoo, nyuma ya pazia. Nilikusikia unaongea, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Nje kwenye korido Sajenti Gladness alikuwa akimsalimia muuguzi. Bi Adija aliiweka fomu tena juu ya kikabati. Akakata *saa tano*, akaandika *saa nne*. Akakata *hapakuwa na mtu mwingine*, akaandika: *mtoto alikuwepo, na alisikia.* Halafu akatia sahihi, akatoka kwenda kumpa Sajenti.